Yeyo, Kesho Nitaulizwa Tena Jina Lako

Yeyo,

Ninaogopa. Nimeona nianze na hilo, maana wewe hukupenda mtu anayezunguka boma akitafuta pa kuingilia na huku mlango anauona. Kesho, Alhamisi asubuhi, nitakaa mbele ya dada mmoja mwenye kompyuta hapa Karatu. Ataniuliza jina lako kamili, na mimi mwanao Nengai nitatakiwa kulitaja kwa mdomo wangu. Tangu tulipokuzika hakuna mtu wa nyumba yetu aliyelitaja. Alhamisi iliyopita niliulizwa, nikashindwa.

Niko kwenye chumba cha kufulia, pale loji. Bado natandika vitanda vya wageni, bado mgongo unauma, bado meneja anakagua taulo kana kwamba sisi tunakula taulo. Wageni wameshuka kreta kutazama wanyama tangu asubuhi na lanchi boksi zao. Mashuka yako kwenye kamba, upepo unayapiga, na mimi nimepata kalamu ya mapokezi na menyu za zamani ambazo nyuma yake hazijaandikwa.

Najua hukusoma, na Kiswahili chako kilikuwa cha mnadani: dume, jike, punguza, sitaki. Lakini Kimaasai sikufundishwa kukiandika. Tena nikuambie kweli, kwa Kimaasai jina lako liko karibu mno, ulimi ukiteleza kidogo tu limetoka. Kwa Kiswahili naweza kulizunguka. Unaona? Nimeshaanza kuzunguka.

Unakumbuka ugonjwa ulivyoanza. Ulikuwa mtu wa chai ya moto, Yeyo. Sufuria haijatulia mafigani wewe kikombe kiko mdomoni, na sisi tuliokuwa tunapuliza ulitucheka: "Mnafukuza nzi?" Halafu ukaanza kusema ugali umekuwa mkaidi, unasimama njiani. Ukaacha ugali, ukaacha nyama, ukabaki na uji na maziwa. Siku moja nimekuja likizo Endulen, tumekaa jikoni, nikakuona umeinamia kikombe unapuliza. Nilitoka nikaenda kusimama kwenye zizi la ndama mpaka machozi yakaisha.

Hospitali kubwa walikuingiza kamera kooni, wakakata kinyama, wakasema ni kansa ya umio, hiyo njia ya chakula, na kwamba tumechelewa. Neno hilo la mwisho hukungoja nilitafsiri.

Ndipo akaja yule dada wa utafiti, Paskalina, Mwiraqw wa hapa Karatu, anayeongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Akaomba kipande kidogo cha kile kinyama, na chupa ya damu. Akaeleza kwamba vitasomwa herufi kwa herufi, zile herufi za ndani kabisa za mwili ambazo mtu hurithi kwa wazazi wake, wenyewe wanaita vinasaba. Kisha vitawekwa kwenye kompyuta pamoja na vya wagonjwa wengine maelfu, ili wataalamu wa dunia nzima wavichunguze. Jina lako halitakuwepo humo, itakuwepo namba. Nikakutafsiria kadiri nilivyoweza. Ukauliza, "Kitapanda ndege?" Akasema inawezekana. Ukacheka mpaka ukashika kifua. "Basi kitanitangulia. Mpeni."

Ulituacha masika yakianza. Kaka Saitoti na vijana wa boma walichimba udongo ukiwa umelowa, ndiyo maana kaburi lilikaa upande kidogo, usimlaumu. Katekista akaja na msalaba mweupe na kopo la rangi nyeusi, akachovya brashi, akamgeukia bibi yetu Koko, mama mkwe wako, kuuliza aandike nini. Koko akamwambia asiandike kitu. Katekista akasema kanisa halikatazi jina. Koko akasema kanisa halikukuzaa wala halikukuoa. Brashi ikarudi kwenye kopo. Msalaba wako uko vilevile mpaka leo, mweupe mtupu.

Mimi sikushangaa, maana wewe ndiye uliyenifundisha. Mtu akifa, jina lake linaachwa lilale naye. Ukiliita unamgeuza alikolala, na anayegeuzwa haji mikono mitupu, huja na kifo. Hata yule mtoto wa jirani mliyefanana naye jina, akiingia kwenye boma letu Koko humwita Nasinyari. Mwanzoni alikuwa haitiki, anasimama pale na kikombe cha maziwa akitazama nyuma kuona ni nani anayeitwa. Siku nyingine ningecheka.

Basi mwezi uliopita Paskalina alinipigia simu. Aliponiambia yeye ni nani, nikakaa juu ya kikapu cha nguo chafu. Akaniomba nifike ofisini kwao, chumba kimoja tu chenye dawati na feni isiyozunguka. Huko akanieleza.

Alisema mgonjwa mmoja peke yake hawezi kuwaambia mengi. Ukikuta ng'ombe mmoja amekufa, hujui kilichomuua. Ukikuta wamekufa wengi, wote wamevimba tezi palepale, ndipo unasema hii ni ndigana. Mtu akitaka kumweleza Mmaasai jambo lolote, hata la mwezini, lazima apitie kwa ng'ombe, nami nilimwacha apite. Ndiyo sababu wagonjwa wa nchi nyingi wamewekwa pamoja na kuachwa wazi, ili mtaalamu wa popote alinganishe bila kuanza upya. Akasema waliomo humo wengi ni watu wa mbali, wa kwetu ni wachache mno, na dawa huwafuata walioonekana. Nilijisikia fahari kidogo, Yeyo. Nilikuona umesimama katikati ya umati wa Wazungu na shanga zako, unawaangalia mmoja mmoja.

Kisha akafika kwenye lile aliloniitia. Habari za kinyama chako ziko wazi kwa kila mtu, lakini za damu yako zimefungiwa, hazisomwi ila kwa ruhusa. Wataalamu waliopewa ruhusa wamelinganisha damu ya wagonjwa wa ukanda wetu, wakaona baadhi yao wana herufi moja iliyokaa kombo. Hiyo haikuletwa na uvimbe, mtu anazaliwa nayo. Huenda inaifungulia kansa mlango. Huenda haina neno. Bado hawajui, na alilisema hilo akinitazama usoni. Ila familia zote za wagonjwa, zilizoacha namba za simu hospitali, zinaulizwa kama zinataka kujua. Kama mama alikuwa nayo, watoto wanapimwa, na atakayekutwa nayo ataangaliwa koo kwa kamera kila mwaka, kitu kikianza kiondolewe kingali kidogo.

Hakuniambia kama wewe u miongoni mwao. Hawezi, kwa sababu yeye anaona namba tu, majina yamefungwa mahali pake. Ili namba na jina vikutane, mtoto wa marehemu anatakiwa aje mwenyewe, alitaje jina kamili la mama yake bila kusaidiwa. Na mwisho wa mwezi huu mradi unafungwa, majina yote yanateketezwa. Baada ya hapo hata wao wenyewe hawataweza kusema namba ipi ilikuwa ya nani. Namba zitabaki daima, majina basi.

Nilirudi loji nikafanya jambo ambalo hakuniambia nilifanye. Ile sehemu iliyo wazi nikaitafuta mwenyewe kwenye simu, kwa waifai ya wageni. Kiingereza changu ni cha vitanda na taulo, lakini kilitosha. Nikachagua Tanzania. Hamkuwa wengi. Mwanaume, mwanamke, mwanaume. Umri, kazi, tumbaku. Kisha nikafika mahali pameandikwa: mwanamke, mfugaji, kaskazini. Tumbaku, hapana. Pombe, hapana. Chai ya moto sana, ndiyo. Umri ni wako. Mwezi ni ule tuliokuwa hospitali.

Nimekujua kwa chai, Yeyo. Simu iliniponyoka ikaangukia kwenye beseni la foronya.

Waliondoa jina wakadhani wamekuficha. Labda kwa watu wa mijini mtu akiondolewa jina anapotea. Kwetu ng'ombe hana jina lililoandikwa popote, na bado akipotea Malambo akionekana Endulen watu wanajua ni wa nani, kwa mkato wa sikio na rangi ya ubavu. Kama mimi nimekujua kwa mistari mitatu, nani mwingine atakujua? Na akishakujua wewe, mimi amenikosa wapi?

Chini ya ile mistari palikuwa na herufi na tarakimu zisizokwisha, yale makosa ya uvimbe wako, moja baada ya jingine. Pembeni palikuwa na kitufe cha kupakua, wazi kama birika la kunyweshea mifugo, kila anayepita anakunywa. Nikawaza kwamba mgeni nitakayemtandikia kesho huenda ameshakuona ndani kuliko mimi niliyetoka humo ndani. Nilimuuliza Paskalina kama unaweza kurudishwa. Akasema pale wanaweza kukuondoa, lakini waliokwisha kukuchukua hawafuatiki tena. Wewe uliyesema marehemu aachwe alale unaitwa kila saa, kwa namba, na watu wasiojua hata ulikuwa unachekaje. Naogopa kuuliza kama unasikia.

Basi Alhamisi iliyopita nikavaa gauni la kanisani nikaenda. Paskalina akafungua kompyuta, akasema, "Taja jina kamili la mama." Na mimi bila kufikiri nikajibu kama ninavyojibu kila mahali, gulioni, kanisani, kwenye geti la hifadhi. Nikasema, "Ngoto Saitoti." Mama yake Saitoti. Ndivyo ulivyoitwa na boma zima tangu kaka azaliwe, mimi mwenyewe jina lako hasa nilikuja kulijua nikiwa msichana mkubwa. Akaandika. Akasubiri. Akasema, "Hayupo."

Nikuambie nilichohisi? Nilifurahi. Hayupo! Nikakuona umetoka humo, umejifunga shuka lako la bluu, unapandisha kwenda nyumbani kwa miguu bila kugeuka. Kisha Paskalina akanitazama, akasema taratibu, "Jina lake yeye, Nengai. Hilo ni la kaka yako."

Nikafungua mdomo. Koo likanibana palepale lilipokubana wewe. Nililiona jina lote mbele yangu, nikaona nikilitoa tu utageuka. Paskalina akanimiminia maji. Maji nayo yakashuka kwa shida, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote. Akaniambia kwao pia, enzi za bibi zake, nyumba iliyofiwa ilikaa peke yake na majirani hawakuigusa, kwa hiyo hanishangai. Lakini haruhusiwi kunisaidia hata silabi moja. Akasema nirudi Alhamisi inayofuata, na baada ya hiyo hakuna nyingine.

Jumapili nikaomba ruhusa nikapanda kwenda Endulen kumwona Saitoti. Ukingoni mwa kreta ukungu ulikuwa mzito, dereva amewasha taa mchana kweupe. Kaka nilimkuta zizini anapulizia ng'ombe dawa ya kupe. Amekonda, Yeyo. Nilidhani ni ukame.

Nikamweleza yote, hata la chai. Nilipomaliza akasema, "Mwache alale." Nikamwambia hajalala, yuko kwenye simu ya kila mtu. Akasema huyo ni namba, mama yake yeye amelala pale, akanyoosha fimbo kwenye ule msalaba mtupu. "Na ukishajua utafanyaje? Utamwaga damu yako umimine nyingine?" Kisha akasema kilichokuwa kinamuuma hasa. Neno likitoka kwamba damu ya boma hili ina kansa, wanawe atawaposea wapi? Na binti yangu Neema, akikua, atachukuliwa na nani?

Nikajitetea kwa methali ya shuleni, nikamwambia mficha maradhi kilio humfichua. Akasema, "Huyo alikuwa Mswahili wa pwani. Hakuwa na binti wa kuoza Endulen." Tukacheka wote wawili, maana ungemsikia, ni wewe mtupu uliyesema pale.

Mkewe akatuletea chai. Tukakaa kwenye kivuli cha nyumba. Kaka, ambaye alikuwa anashindana na wewe nani atamaliza kikombe kabla mvuke haujaisha, alikishika kikombe chake kwa mikono miwili. Akakiinamia.

Yeyo, alikuwa anapuliza.

Pengine ilikuwa ya moto tu. Pengine ni mimi, siku hizi namtazama kila mtu anavyomeza. Nilimuuliza kama koo linamsumbua, akasema ni vumbi la zizini. Sahani ya nyama ilipoletwa, akasema amekula asubuhi. Mkewe akatazama chini. Nilitaka kusimama palepale kwenye zizi la ndama kama siku ile, lakini safari hii sikutoka. Nilibaki nimekaa, nikimwangalia mtoto wako wa kwanza akikipuliza kikombe mpaka kikapoa kabisa.

Kabla sijaondoka nikaingia kwa Koko kumuaga. Nilidhani Saitoti ndiye atakayempa habari, kumbe masikio yake bado yanapita ukuta wa samadi. Hakuniambia nifanye, hakuniambia nisifanye. Aliniuliza ni siku gani. Nikasema Alhamisi. Akavuta ugoro wake. Akasema, "Basi Alhamisi watoto wote watakaa humu ndani na mimi." Mkono wake ulikuwa baridi aliponigusa kichwa. Anaogopa yeye pia, nilikuwa sijawahi kumwona Koko akiogopa.

Mimi mwenyewe sijui tena kama koo linaniuma au naliwaza. Kila tonge nalifuata kwa mawazo mpaka nihakikishe limefika tumboni. Chai naiacha mpaka iweke utando, wenzangu jikoni wananicheka, wanasema Nengai siku hizi anakunywa chai ya maiti. Nacheka nao. Kisha naenda chooni nameza mate mbele ya kioo.

Na kuna Neema. Mjukuu wako yuko darasa la nne sasa, amerefuka, meno ya mbele yamekaa kama yako, yameachana. Juzi mwalimu aliwapa kazi ya kuandika majina ya watu wa familia, wazazi mpaka mabibi na mababu. Akaja na penseli yake. "Mama, Koko wa Endulen aliyefariki aliitwa nani?" Nikamwambia aandike Koko, yaani Bibi. Akaandika. Mwalimu akamrudishia kazi yake, hapo pa Koko pamezungushiwa duara jekundu. Mtoto akaniuliza, "Kwani hakuwa na jina?" Nikamtuma dukani akanunue chumvi, na chumvi ilikuwepo.

Ndilo lililonikalisha kuandika leo, Yeyo, hilo swali la Neema. Mtu wa nchi ambayo sitaifikia anaweza kukutafuta akakupata, akakusoma herufi kwa herufi. Mjukuu wako hana hata moja. Na mwisho wa mwezi, wakishateketeza, utabaki namba huku na msalaba mtupu kule, na Saitoti katikati anapuliza chai.

Leo nilipokuwa nakunja mashuka nimekumbuka kitu. Ni cha siku ile hospitali, Paskalina alipokuomba jina aliandike. Ulimtajia. Akalirudia vibaya, ukamsahihisha. Akakosea tena, ukamsahihisha tena, kwa sauti, mpaka wauguzi wakageuka na yule mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kulisema na yeye. Niliona haya, nikakunong'oneza kwamba inatosha. Ukaniambia, "Mwache alizoee. Nyinyi nikifa hamtalisema."

Siku ile nilidhani unatania. Ulikuwa unatania, nakujua. Lakini ulikuwa unaogopa pia, sivyo? Uliijua mila kuliko sisi wote, uliishika kwa wengine maisha yako yote, na ilipofika zamu yako ukatafuta mtu wa nje wa kukuwekea jina. Sijui kama nakuelewa vizuri au najitafutia ruhusa. Hakuna wa kumuuliza.

Kwa hiyo sikiliza ahadi yangu, na kama nakosea, nizuie kabla ya asubuhi. Kesho nitalitaja. Mara moja, kwa sauti ya kumtosha Paskalina, na hatakuwepo mtoto karibu. Ukigeuka, nigeukie mimi. Usimwendee Neema, wala watoto walio ndani kwa Koko. Kama namba yako ni mojawapo ya zile zenye herufi kombo, nitapimwa mimi kwanza. Kisha nitapanda Endulen nimchukue Saitoti, kwa maneno matamu au kwa kumvuta shuka, akaingizwe kamera kabla neno "mmechelewa" halijamfikia. Kama namba yako siyo, nitampeleka vilevile. Msalaba sitaugusa, huo ni wa Koko. Lakini Neema akitoka shule kesho tutaijaza ile kazi yake, na nitamfundisha mahali pa kukaza sauti, ulivyomfundisha Paskalina.

Sina ujasiri, Yeyo. Ninajua tu kwamba ninaogopa pande zote mbili, na upande mmoja yuko kaka na kikombe chake.

Upepo umetulia, mashuka yamekauka, wageni watarudi na vumbi lao. Kwaheri, Yeyo. Ulipolala ulale vizuri, na nyasi za kaburini ziote. Nisamehe kwa kelele nitakayokupigia.

Mwanao,
Nengai

Nimetaka kuikunja hii karatasi nikashindwa. Nimeona nijaribu kwanza kwa mkono, kabla sijaupa mdomo kazi hiyo.

Naserian.

Herufi ya mwisho imepinda, lakini limetoka. Nimesubiri kidogo. Mashuka hayakutikisika. Kesho ni zamu ya mdomo.